Bastola ya mashindano haichaguliwi kwa macho

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo ukigusia ulengaji shabaha hutaja washindi tu. Vifaa hamvisemi, na huko ndiko fedha za wazazi zinakopotelea.

Binti yangu anasoma India, na amejiunga na klabu ya bastola ya upepo (inayosukuma risasi kwa hewa iliyobanwa), shabaha ikiwa umbali wa mita 10. Muuzaji mmoja alimpa yenye mpini wa kupendeza, uliopanda hadi kukumbatia kifundo cha mkono. Siku ya ukaguzi ikakataliwa. Kanuni za shirikisho la dunia, ISSF, zinataka kifundo kiwe huru kabisa. Tena bastola isizidi gramu 1,500, na iingie kwenye kisanduku cha milimita 420 kwa 200 kwa 50.

Kilichonifurahisha ni jinsi wanavyopima kifyatulio, kile kinachovutwa kwa kidole, kisiwe chepesi mno. Mtutu huelekezwa juu, kwenye kifyatulio linatundikwa jiwe la mizani la gramu 500; likinyanyuka bila kifyatulio kuachia, umepita. Mimi nauza viazi Uyole, jiwe la nusu kilo nalijua hata gizani (na wanaolitoboa chini nawajua). Bastola ya risasi ya mita 25 hudai kilo nzima.

Kwetu ipo pia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo mtu aanze na kibali, si na duka.

Naomba mchapishe vipimo hivyo, hata pembeni mwa msimamo wa Ligi Kuu. Ule mpini, seremala wa huko aliukata kwa msasa na tupa siku mbili, na bili ikaja kwangu.

Baba wa mlengaji,
Uyole, Mbeya