Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ligi ya Vilabu vya Kriketi, Kaunti ya Mombasa

Ndugu wanachama, assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Ya msimu mnayajua, sitawachosha. Ligi imechezwa hadi mwisho. Mechi tatu ziliahirishwa kwa mvua za masika, na mbili hazikuchezwa kabisa kwa sababu timu ilishindwa kutimiza watu 11. Waamuzi walipata mafunzo Jumamosi mbili, futari ya pamoja ilifana, na vijana wa chini ya miaka 15 walicheza chini ya uangalizi wa katibu, ambaye namshukuru. Bingwa mnamjua.

Sasa niingie katika lile lililosemwa sana kwenye kundi letu la WhatsApp na hata barazani, nyuma ya mgongo wangu: shilingi 75,000 zilizowekwa kwa ajili ya mkeka mpya wa kuchezea, ule unaotandikwa pale mpira unapodunda, ambazo nilizitumia kuokoa vitabu vya zamani vinavyoandikwa alama za mechi.

Mwezi wa tano nilipigiwa simu na mlinzi wa uwanja mmoja, ambao sitautaja, kwamba stoo inasafishwa na kuna makaratasi ya kriketi yanakwenda kuchomwa pamoja na taka. Nilifika saa nne asubuhi. Nilikuta vitabu 31 vya alama vimefungwa kwa kamba ya katani, vimewekwa juu ya mabati chakavu, mahali paa linapovuja. Cha juu kurasa zilikuwa zimegandana, na mchwa walikuwa wametoboa kutoka jalada hadi katikati. Lakini penseli haiogopi maji. Vile vitone sita vya ova, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, isiyotoa mkimbio (alama) hata mmoja vilionekana vizuri, karani ameviunganisha vikawa herufi M, vile vile tunavyofanya sisi leo. Pembeni pameandikwa: mvua saa tisa u nusu, mechi imevunjika. Nilivipakia kwenye gari langu mwenyewe, safari mbili, petroli yangu, na vikalala sebuleni kwangu wiki tatu.

Nimelaumiwa kwamba niliamua peke yangu. Ukweli ni huu. Niliitisha kikao cha kamati mara mbili. Katiba yetu inataka wajumbe 7. Mara ya kwanza tulikuwa 4, mara ya pili tulikuwa 3 nami nikiwemo. Mchwa hawasubiri akidi. Fundi wa vitabu aliniambia wazi kwamba vikikaa mwezi mwingine na unyevu ule, nusu yake itakuwa unga. Kukausha na kuua wadudu ilikuwa shilingi 14,000, kupiga picha kila ukurasa 39,400, sanduku la bati na rafu 15,000. Jumla 68,400. Zilizobaki, 6,600, zilirudi kwa mweka hazina siku ile ile na risiti zote anazo. Hakuna senti iliyopita mfukoni mwangu, na anayesema vinginevyo asimame hapa aseme.

Mkeka wa zamani tuliugeuza na kuushona. Imesemwa kwamba kijana wetu aliumia kidole kwa sababu yake. Niliukagua jioni ile ile. Mpira ulidunda upande ulio mzima, hatua nne kutoka kwenye mshono. Nilimpeleka hospitali mimi, na alirudi kucheza kabla msimu haujaisha.

Kuna aliyeniuliza vitabu hivyo vinaleta mikimbio mingapi. Nimjibu hapa. Katika vitabu vya mwanzo kila timu ina majina ya jamii moja, kama vilivyokuwa vilabu vyenyewe wakati ule: Waingereza kwao, Magoa wa asili ya Goa, India, kwao, Mabohora, Waislamu wa asili ya India, kwao. Ukifungua vya baadaye unaona majina yanaanza kuchanganyika ndani ya timu moja, msimu baada ya msimu. Historia hiyo haikuandikwa popote pengine. Tangu mwaka 2013 tunajiita ligi ya kaunti, na wapo wanaodhani kriketi ya hapa ilianza mwaka huo!

Kijana wa miaka 14 aliniuliza mazoezini kama ni kweli Kenya iliwahi kucheza Kombe la Dunia. Nilisikitika sana. Nilimweleza kuhusu Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, tulipofunga mikimbio 166 tukawatoa West Indies wote kwa 93. Nikamweleza kuhusu Asif Karim, mzaliwa wa mji huu huu, pale Durban mwaka 2003: ova 8 na mipira 2 dhidi ya Australia, sita kati ya hizo bila mkimbio, mikimbio 7 tu, wiketi 3, yaani alitoa wapigaji watatu. Mwaka huo Kenya ilifika nusu fainali. Tangu Januari 2014, tulipopoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, watoto hawana cha kutazama. Wachezaji wale walitoka kwenye ligi za vilabu kama hii yetu, na kumbukumbu ya ligi ni vitabu hivyo.

Turudi kwenye pesa, kwa sababu hapo ndipo penye kidonda. Daftari lina wanachama 84. Leo nimehesabu 23 humu ndani, na baadhi mmefika baada ya chai. Ada ni shilingi 3,000. Waliolipa ni 31, yaani 93,000. Tunachodai ni 159,000, ambazo zingenunua mikeka miwili na chenji ikabaki. Wengi wa walionilaumu kwa mkeka mmoja wamo katika wale 53 ambao hawajalipa. Nimetuma ujumbe, nimepiga simu, nimefika hadi milangoni. Miaka sita nimeibeba kazi hii na sijawahi kudai nauli.

Mwakani, Inshallah, tutapata mkeka mpya. Tunatumaini pia kuzungumza na kaunti kuhusu uwanja, kuanzisha timu ya wasichana, na kutoa kijitabu cha historia hali ikiruhusu.

Sanduku liko kwa katibu. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao mweka hazina. Mwanachama mmoja alikuja Jumapili iliyopita akaliona jina la marehemu babake, mikimbio 43, ametolewa kwa mpira wake kudakwa. Alikaa na ukurasa ule mpaka adhana ya magharibi. Mwenye mzee wake aliyecheza na aje vilevile, baada ya alasiri. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina.