Kabla hujainua pikapu, uliza kilo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na ndugu zetu wa pikapu, hasa hapa Arusha maana huku ndo ugonjwa umekolea. Siku hizi mtu akinunua Hilux au Ranger dabo kebini, hata nailoni za viti hajatoa, anaipeleka gereji inyanyuliwe, iwekewe ngao ya chuma, winchi ya kujivuta kwa waya ukikwama, karia, tenti ya juu, mkonga wa kuvutia hewa ya injini juu, taa za LED kuanzia bampa mpaka paa, alafu ndo anaanza kufikiria atakwenda nayo wapi. Sipingi, gari lake na hela zake, na nchi hii ina barabara ambazo masika bila fowili hufiki. Ila kuna swali moja sijawahi kusikia mtu analiuliza gereji, kwamba hiki kitu kina kilo ngapi?

Hebu tupige hesabu. Dabo kebini nyingi uwezo wake ni kama tani moja, na hiyo tani ni watu, mizigo, pamoja na kila ulichofunga baada ya gari kutoka kiwandani. Watu watano wa kilo 75 tayari ni 375. Ngao weka 60, winchi 35, karia na tenti 90, tanki la ziada la lita 80 dizeli yake peke yake inakaribia kilo 67, friji na betri ya pili 50, maji lita 40 ni kilo 40. Hapo tumeshapita 700 na hujapakia hata begi la nguo! Ndo maana unaona gari limekalia matako, pua inaangalia juu, fundi akiona hivyo anakuongezea maputo ya hewa kwenye springi za nyuma, gari linakaa sawa mnafurahi wote. Kumbe uzito haujaenda popote, umehamishiwa sehemu moja tu ya chesisi, na ukipiga mashimo kwa mwendo na mzigo wote uko nyuma ya ekseli, chesisi inapinda pale nyuma ya kebini. Australia wenzetu wenye magari haya haya wameliona hilo sana. Springi ngumu inanyanyua gari tu, breki ni zile zile, ekseli ni ile ile.

Kwangu mimi hela ya kwanza iende kwenye matairi na pampu ya upepo. Na matairi nayo msikimbilie makubwa. Hilux nyingi zinakuja na 265/65R17, ukipanda kwenda 265/70R17 kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, maana yake tumbo la gari linapanda milimita 13 tu, na spidomita ikisoma 100 wewe uko kwenye 103. Hiyo inavumilika. Ukienda 285/70R17 unapata kama milimita 27 chini ya gari lakini spidomita inadanganya kwa asilimia 7, gia zinakuwa nzito, kupanda ule mlima wa Manyara kwenda Karatu na mzigo utashusha gia mpaka uchoke, na tairi linaweza kuanza kusugua madigadi ukikata kona. Na yale ya meno makubwa ya tope, mazuri kwenye tope kweli, ila lami ikilowa hayashiki kama tairi la kawaida na breki inachelewa. Mtu ambaye siku nyingi yuko lami na wikiendi moja moja yuko vumbini, lile la mchanganyiko linamtosha.

Pampu ndo watu wanaidharau kabisa. Masika iliyopita nilikuta jamaa kakwama kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonata, gari lina kila kitu, winchi mpya inang'aa. Akavuta waya wote akaushika mkononi anaangalia huku na huku, mti hakuna, jiwe hakuna, ni majani tu mpaka upeo wa macho. Vijana wawili wa Kimasai wamesimama pembeni wanamuangalia bila kusema kitu. Tulichofanya tulikopa koleo, tukachimba mbele ya matairi, tukatoa upepo wa matairi kutoka psi 35 mpaka 18, tukaweka matawi ya miiba tuliyoyatoa kwenye boma, likatoka taratibu kwa gia ya chini. Shida ikaja lamini, hana pampu, na tairi la 18 ukilikimbiza kwenye lami linachemka mpaka linapasuka, ikabidi atembee kama kobe mpaka Makuyuni. Pampu ya kuunga kwenye betri bei yake hata haifiki robo ya ile winchi.

Kwenye kuvutana hapo hapo niseme jambo, msifunge kamba kwenye kile kichwa cha chuma cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Tafuteni ndoano zilizofungwa kwenye chesisi yenyewe.

Baada ya matairi ni shokapu. Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero ile mikunjo mikunjo ikianza, shokapu ya bei chee inapata moto, mafuta yanavuja, gari linaanza kucheza ngoma. Hapo inchi mbili za kunyanyua siyo mbaya kama springi zimechaguliwa kwa uzito unaobeba kweli. Zaidi ya hapo shafti za mbele zinakaa upande upande, buti zinachanika, na kona ambayo ulizoea kuikata na 80 sasa inakutafuta. Mkonga ni mzuri kwa wenye mito ya kuvuka, ila tundu la kupumulia la difu na gia boksi nalo lipandishwe juu kwa mpira, la sivyo injini itapona na difu itakunywa maji.

Taa sasa. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023 barabara ya usiku ina watu wengi, alafu mtu anakuja na ule mstari wa LED juu ya paa unamulika mpaka ubongo. Zile ni za porini, zifungwe swichi yake na zifunikwe ukiwa lami, na gari likinyanyuliwa hata taa za kawaida zirudishwe chini maana mwanga umepanda nalo.

Ombi langu kwa wenye gereji, kwenye risiti andikeni na kilo za kila mnachofunga, mteja aone. Mizani za barabarani zinahusu magari ya tani 3.5 kwenda juu, kwahiyo pikapu zinapita tu hakuna anayeuliza. Lakini wanunuzi wa vyuma chakavu na wenye maghala ya nafaka wana mizani, ukiomba vizuri ukapima gari likiwa limejaa familia na mizigo, alafu ukalinganisha na uzito wa mwisho ulioandikwa na kiwanda, utajua kama hiyo tenti unaiweka au unaiacha. Na mwenye bima kubwa aiambie kampuni yake alichobadilisha, aandikiwe kwenye karatasi, kabla hajalipia ngao.

Mdau wa pikapu,
Arusha