Barua kwa wazazi na walezi: kufunga muhula na usalama wa vijana wetu likizoni

Ndugu mzazi/mlezi,

Shule inafungwa leo. Ripoti ya mitihani, madeni na tarehe ya kufungua vimo ndani ya bahasha hii, kwa hiyo sitavirudia. Nina jambo jingine.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu wa darasa katika shule nyingine, msichana mmoja alikuwa akibaki darasani baada ya kengele ya mwisho. Anapanga madaftari, anayapangua, anayapanga tena. Nikadhani anapenda kusoma, hata nikamsifu mbele ya wenzake. Kumbe alikuwa anamkwepa ndugu aliyekaribishwa kwao. Alishamwambia mama yake, "Mimi yule kaka simtaki," akaambiwa aache utovu wa adabu. Mambo yalipofichuka, wazee walikaa kikao, mhusika akatoa fedha na magunia ya mahindi, wakasema yamekwisha. Binti hakufika Kidato cha Nne. Sijajisamehe kwa ile sifa niliyompa.

Ndiyo maana naomba: mtoto akisema hataki kwenda kwa fulani, awe mjomba, mwalimu wa tuisheni au bodaboda aliyezoeleka, msimlazimishe. Muulizeni taratibu, mkiwa mnachambua mchele au njiani kwenda shambani, kisha mnyamaze aseme. Akisema, msimuulize alivaa nini wala alifuata nini huko.

Wavulana nao wamo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 hapa Tanzania ulionyesha kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana huambiwa ajikaze, naye hujikaza kweli, akaumia kimyakimya.

Kwenye simu, anayemtishia kijana kwamba atasambaza picha zake za utupu asitumiwe nyingine wala fedha. Msifute ujumbe wake. Huo ni ushahidi.

Likitokea la kutokea, mpelekeni mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kumkinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asioge kwanza. Nguo zake msizifue. Zifungeni kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116, ya msaada kwa watoto, ni bure. Ubakaji ni jinai yenye kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima aliyeutenda. Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kuusamehe.

Mwalimu wa malezi nami tutakuwa shuleni kila Jumanne na Alhamisi ya likizo, saa 3 hadi saa 7 mchana. Hakuna haja ya miadi. Mtoto akija peke yake, tutampokea.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule