Msumari si jibu, mwanangu

Kata ya Gerezani, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata. Huku hatujambo, ila joto limezidi. Silalamiki, maana joto likizidi feni zinaungua, na mimi ndiyo kula yangu.

Nimecheka uliposema umewekewa mkasi kwa kuandika kuwa usumakuumeme ni msumari uliozungushiwa waya. Mwalimu hakukuonea, mama. Msumari ule ni sumaku ya umeme, kifaa cha kushika mkononi. Usumakuumeme ni ule undugu wenyewe wa umeme na sumaku, na undugu haushikiki. Itazame hiyo u- ya mwanzo: mtu na utu.

Zamani wataalamu walidhani ni vitu viwili visivyojuana. Mwaka 1820 Ørsted wa Denmark akapitisha umeme kwenye waya karibu na dira, sindano ikageuka. Kumbe umeme ukipita unazaa sumaku! Mwaka 1831 Faraday, Mwingereza, akaonyesha upande wa pili: sumaku ikisogezwa kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, umeme unazaliwa. Kwa njia hiyo hiyo maji ya mto Rufiji yanazungusha mitambo na kutuwashia taa.

Sasa njoo mezani kwangu. Feni ninayoisuka leo, yaani kuizungushia waya mpya, ukiifumua hukuti sumaku hata moja. Ni shaba na vyuma tu. Gusisha bisibisi, hainasi. Lakini iwashe. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, koili zinakuwa sumaku zinazopokezana, na kile chuma cha kati kinachozunguka kinazikimbiza bila kuzifikia. Hakina waya uliotoka ukutani. Umeme wake unazaliwa humo humo ndani, kazi ya Faraday, kisha umeme huo unakifanya nacho kiwe sumaku, kazi ya Ørsted. Nimesuka mota miaka mingi kabla sijalielewa hilo, nikijua tu idadi ya mizunguko na unene wa waya.

Mkifika kwa Maxwell, mwanasayansi wa Uskoti, mtaambiwa hata mwanga ni wimbi la sumakuumeme, ndugu wa mawimbi ya redio. Hapo baba yako anaishia, muulize mwalimu.

Likizo nimekuwekea feni moja mbovu ya mezani. Uje umekata kucha, waya wa shaba unachana.

Baba yako