YAH: HESABU ZA WANACHAMA ZILIZOPOTEA NA MAJIBU TULIYOPEWA KAUNTA KWENU

Kwa Meneja,

Assalaam aleykum. Mkataba wetu mnao na invoisi mnatuletea nyiye wenyewe, kwa hiyo sina haja ya kueleza chama chetu cha akiba ni kipi. Naandika kwa heshima lakini nina hasira, na sijui kama nitaweza kuizuia hadi mwisho wa barua.

Yule kijana wenu wa kaunta alomwambia mweka hazina wetu "mzee, hii klaudi, si daftari la duka" mbele ya wateja, bado yupo kazini? Nauliza kwa sababu yule ni mtu mzima, kavuka na boti kutoka Mkoani tena kafunga, kaja kuuliza kitu kimoja tu, hesabu za watu ziko wapi.

Mlituandikia kwamba usiku mtaizima seva ya klaudi, ile kompyuta ya mbali mnayotuendeshea, muiongeze ukubwa, ikiwaka itakuwa vile vile. Asubuhi seva imewaka kweli, ila PostgreSQL, programu inayotunza hesabu zetu, inakataa, folda ya data haina kitu. Nikaingia mwenyewe, ndo nikaona /var/lib/postgresql, folda inapotakiwa kukaa data, ni kiungo tu cha kuelekeza kwengine, data yenyewe fundi wenu kaielekeza /mnt, diski ya muda, eti ina kasi. Diski ile inakaa kwenye mashine ya kule Johannesburg inayobeba seva yetu, seva ikizimwa ikahamishiwa mashine nyengine unapewa diski mpya, tupu. Microsoft, wenye mashine hizo, hawakumficha mtu, humo humo /mnt wameweka faili linaitwa DATALOSS_WARNING_README.txt, linasema wazi kwamba hii ni diski ya muda na kikipotea humu hakirudi. Fundi wenu kila akifungua folda ile jina hilo liko mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa!

Na bekapu, yaani nakala ya dharura, je? Kila mwezi tunalipia bekapu. Snepshoti, ile nakala ya diski nzima kwa wakati mmoja, mnachukua ya diski ya mfumo peke yake, ukiirudisha unapata Linux nzima na kiungo kinachoelekea pasipo na kitu. Na ile pg_dump, nakala ya hesabu inayotolewa kila usiku, mliipanga iandike ndani ya /mnt hiyo hiyo, asili na nakala vikaondoka pamoja. Mngeijaribu snepshoti mara moja tu kwenye seva ya pembeni mngeliona hili zamani.

Haya yametukuta kumi la mwisho la Ramadhani, watu wanataka akiba zao wakanunue nguo za Sikukuu za watoto, kina mama wamejaa barazani kwetu hapa Wete wanauliza na sisi hatuna cha kuwajibu, maana salio la mtu huwezi kulikisia.

Narudi kwa yule kijana, pengine nyiye mtasema ni neno dogo. Mzee alisimama, hakupewa hata kiti, kaeleza mpaka kamaliza na kijana hajanyanyua uso kwenye simu yake, ndo akasema "mzee, hii klaudi, si daftari la duka, rudini huko kwenu mkamlete mtu anaejua", na mwenzake pembeni akacheka. Akacheka! Mzee akaikunja barua ya chama akaitia mfukoni akatoka, hakusema neno. Mimi kanihadithia baada ya futari, na sauti yake siyo ile ninayoijua. Na hayo madaftari mliyoyadharau, aloyaandika mzee huyo huyo kwa mkono, ndo tunayoyatumia kuingiza hesabu upya, mwanachama mmoja mmoja, vijana wanakesha kila siku baada ya tarawehe.

Tena katika kuchimba nimekuta bado mmetuacha kwenye PostgreSQL 12, toleo ambalo marekebisho yake yameisha tangu Novemba 2024, na poti 5432, mlango wa kuingilia PostgreSQL, iko wazi kwa intaneti nzima wakati ndani mna majina ya watu na namba za vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi. Mliifunguaje bila kutuuliza?

Nilipoanza kuandika nilitaka mrejeshe pesa za bekapu basi, na mumuombe radhi mzee. Sasa haitoshi. Rejesheni pesa zote za bekapu tangu mkataba uanze, mlipe vijana wanaoingiza hesabu, na huyo kijana pamoja na aliecheka waje Wete wamuombe radhi mzee mbele ya wanachama, na meneja awepo. Seva tunaihama, tupeni funguo zote za akaunti, msituambie utaratibu hauruhusu.

Simu za pole msitupigie. Ijumaa ijayo ikipita bila jibu la maandishi lenye saini yako, barua hii inakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, nakala kwa wakili wetu, na kila chama cha akiba Pemba kinachofikiria kuja kwenu kitaipata vile vile.

Katibu wa Chama,
Wete, Pemba