Tenofovir haikukamilika siku ilipogunduliwa

Mhariri,

Mkemia Antonín Holý wa Prague anastahili sifa kwa tenofovir, dawa ya VVU. Lakini wanafunzi wa kemia wafundishwe pia kikwazo kilichofuata, maana ndipo penye kazi yenyewe. Fosfonati ya tenofovir, yaani sehemu ya molekuli yenye fosforasi, hubeba chaji hasi, hivyo ikimezwa haipenyi vizuri ukuta wa utumbo. Wakemia waliifunika chaji hiyo kwa vikundi vinavyokatika mwilini. Ndipo ikapatikana tenofovir disoproksili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001: miligramu 300 za chumvi ya fumarati kwa siku. Kifuniko hicho hukatika mapema mno, tenofovir hujaa kwenye damu na huweza kudhuru figo na mifupa. Tenofovir alafenamidi, yenye kifuniko cha aina nyingine, huvumilia damu, ikafunguka ndani ya seli; miligramu 25 hutosha.

Msomaji wako