Shoka la kuchanjia kuni halichaguliwi kwa kung'aa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu wa Dodoma kuhusu shoka, kwa kuwa kiangazi ndicho kipindi tunachojaza kuni uani, na wengi hununua shoka kwa kuvutiwa na rangi yake. Nafahamu kwamba Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, nami nauunga mkono. Lakini hadi gesi ifike vijijini kwa bei tunayoimudu, mgunga mkavu utaendelea kuchanjwa.

Kosa kubwa ni kununua shoka la kukatia miti kwa ajili ya kazi ya kuchanjia. Bapa la shoka la kukatia ni jembamba, hivyo likipigwa kwenye gogo lililosimamishwa huzama na kunasa, na mchanjaji hutoka jasho zaidi kwa kulichomoa kuliko kwa kulipiga. La kuchanjia linapaswa kuwa nene, lianze kupanuka mara tu baada ya makali, ili lizisukume nyuzi za mti huku na huku badala ya kuzikata. Kichwa cha kilo 2 hadi 2.5 kinawatosha watu wazima wengi. Shoka la asili la wahunzi wetu, ambalo mkia wake wa chuma hupenyezwa katika kichwa cha mpini na kuzidi kukaza kila linapopigwa, ni zuri mno kwa kukata matawi na kuchonga, ila kwa wembamba wake tusilidai lipasue magogo.

Ukiwa dukani, usianze na makali, kwani hayo yananoleka. Uinue mpini usawa wa jicho, kama seremala anavyokagua ubao, uone kama umenyooka na kama nyuzi zake zinakwenda kutoka kichwani hadi mwisho bila kukatiza ubavuni, maana zinapokatiza ndipo utakapovunjikia. Mpini uliopakwa rangi nzito mimi huukataa papo hapo, kwa sababu rangi huficha fundo na ufa. Ni afadhali kumpa fundi kichwa kitupu akuchongee mpini wa mkole uliokaushwa kivulini.

Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, mpini husinyaa na kichwa huanza kucheza. Hapo wengi hulitumbukiza shoka katika ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi hulikuta limekaza kweli. Tatizo ni kwamba mti unapovimba ndani ya tundu la chuma lisilopanuka, nyuzi zake hujiponda, na ukishakauka husinyaa kuliko mwanzo. Dawa hiyo ikirudiwa mara kwa mara, siku moja kichwa huchomoka na kuruka kuelekea walipo watoto. Njia iliyo salama ni kulininginiza shoka kichwa kikiwa chini, kugonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti hadi kichwa kipande juu kwenye mpini na kukaza, kisha kupigilia kabari mpya ya mti mgumu uliokauka. Mafuta ya alizeti, ambayo hapa kwetu hayakosekani, yakipakwa kidogo kidogo kwenye mpini hupunguza kusinyaa huko.

Kuhusu kunoa, tupa na jiwe vinatosha, na shoka la kuchanjia halihitaji kuwa wembe. Anayepeleka kwenye grinda ahakikishe fundi analichovya majini kila mara, kwa sababu makali yakishageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha na yatapinda kwenye fundo la kwanza.

Ombi langu kwa wenye maduka ni moja: watuuzie pia vichwa vitupu, na mipini wanayotuletea isipakwe rangi.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma